Faili Alilotuma Redio

Ofisini walimwita Redio. Jina hilo alilipata mara tu alipoanza kazi, kabla hajanunua visikizio, kompyuta yake ilipokuwa ikisoma kila kitu kwa sauti na chumba kizima kikisikia: barua pepe, majina ya mafaili, hata ujumbe wa mkewe wa kumkumbusha asirudi nyumbani bila uzi mweusi. Wenzake walicheka, naye akacheka kuwashinda. Macho yake yalizimika akiwa mtu mzima, kidogo kidogo, kwa presha ya macho iliyogunduliwa ikiwa imekwisha kula sehemu kubwa. Alianza kuandika programu akiona, akaendelea kuziandika asipoona. Watu wakimuuliza anawezaje, jibu lake lilikuwa moja.

"Mwenye macho haambiwi tazama," alisema. "Mimi huambiwa."

Jibu hilo lilikuwa la kweli kuliko walivyodhani. Mtu wa programu huandika ndani ya kihariri, na kihariri peke yake si zaidi ya ukurasa mtupu. Nyuma yake hukaa programu nyingine, wenyewe huiita seva ya lugha, inayosoma kila mstari bega kwa bega na mwandishi na kumwambia: hapa umesahau mabano, jina hili halipo, hiki hakipokei namba. Kwa mwenye macho, makosa hayo hutokea kama mistari myekundu chini ya maneno. Kwa Redio yalikuja kama sauti masikioni. Alihifadhi faili, akabonyeza vitufe viwili, akaambiwa makosa ni mangapi na yako wapi. Bila sauti hiyo angelazimika kusikiliza faili zima kutoka juu hadi chini kila alipogusa kitu.

Kampuni yao ilikuwa chumba kimoja kirefu juu ya duka la rangi. Harufu ya rangi ilipanda ngazi asubuhi ikakaa nao mpaka jioni. Walitengeneza programu za zahanati za watu binafsi: kuandikisha wagonjwa, kutunza historia zao, kutoa risiti. Bosi alikuwa mwanamke wa sauti ya chini na viatu vya kugonga sakafu. Ofisi nyingine zilipomwona Redio na fimbo yake zilimrudishia mlangoni; yeye hakumuuliza neno kuhusu macho. Alimpa programu yenye hitilafu, akamwacha nayo, akarudi baadaye kuisoma, akasema tu, "Jumatatu, na usichelewe." Redio hakuwahi kuusahau wema huo.

Meza iliyofuata alikaa mwenzake wa rika moja. Hawa wawili waliitana Jirani, kila mmoja akimwita mwenzake hivyo, na sisi tumwite Jirani yule mwenye macho. Waligawana chai, malalamiko na chaja ya simu.

Matatizo yaliingia pamoja na toleo jipya. Kihariri kilijisasisha chenyewe, kama vinavyofanya siku hizi, bila kumwomba mtu ruhusa. Redio akaandika kazi yake, akahifadhi, akabonyeza. Sauti ikasema, "Hakuna tatizo." Akaipeleka kazi. Kabla ya saa ya chakula zahanati mojawapo ikapiga simu: kila mhudumu akibonyeza risiti, programu inajifunga. Kosa lilikuwa la Redio. Jina moja lilikuwa limekosa herufi.

Bosi alikuja kusimama nyuma ya kiti chake. "Kosa kama hili hata kihariri kingekuambia."

"Kimeniambia hakuna tatizo, Bosi."

"Kwangu kinaonyesha wekundu mtupu."

Redio akafungua faili lile lile. Hakuna tatizo, sauti ikasema. Akamwita Jirani amwangalizie skrini.

"Mstari mwekundu upo," Jirani akasema. "Ila unachelewa. Kwanza kweupe, halafu kinatulia kama mtu anayejikuna kichwa, ndipo unatokea."

Hapo Redio akaelewa. Seva ya lugha ilikuwa inajibu kabla haijamaliza kusoma. Kwa wenye macho halikuwa jambo, maana wekundu ulifika baadaye ukawaonyesha. Kwake jibu la kwanza ndilo lililokuwa jibu. Hata akibonyeza tena, sauti ilirudia lile lile. Wengine wote ofisini walikuwa na toleo hilo hilo na hakuna aliyeona tofauti.

Alijaribu kila anachokijua fundi wa kazi hiyo. Aliizima seva na kuiwasha upya. Aliondoa nyongeza zote za kihariri, akazirudisha moja moja akisikiliza ni ipi inayoleta balaa, na haikuwa hata moja. Alifuta kihariri akakisakinisha tena. Alijaribu kurudi kwenye toleo la zamani, lakini programu inayomsomea skrini nayo ilikuwa imesasishwa, na vitu viwili hivyo vilikuwa haviongei tena. Wakati huo huo Bosi akatoa agizo kwamba kazi ya Redio isiende kwa mteja kabla Jirani hajaipitia. Alilisema mbele ya wote, kwa upole, na upole huo ndio uliouma. Nyumbani Redio akawa anakula bila kuongea. Mkewe, fundi cherehani, mtu anayejua kitambaa kwa kukigusa, alimjua pia.

"Wamekufanya nini huko?"

"Hawajanifanya kitu. Mashine imeanza kunidanganya."

"Basi wasemee wenye mashine."

Wenye mashine, yaani waliokitengeneza kihariri na seva yake, walikuwa watu wa kujitolea, wametawanyika duniani, hawalipwi na mtu. Walikuwa na ukurasa wa wazi mtandaoni ambako yeyote anaweza kuandika taarifa ya hitilafu na yeyote anaweza kuisoma. Redio aliandika ya kwake kwa uangalifu: anatumia toleo gani, mfumo gani, afanye nini mtu anayetaka kuiona hitilafu, yeye alitarajia nini na amepata nini. Jibu likaja: tafadhali ambatisha picha ya skrini.

Alimsomea Jirani. "Waambie wakutumie macho kwanza," Jirani akasema, na walicheka mpaka Bosi akakohoa.

Redio akawaeleza kwa adabu kwamba haoni. Mwingine akajibu kuwa kwake inafanya kazi vizuri, akaifunga taarifa. Redio akaomba ifunguliwe. Ikakaa kimya siku nyingi, mpaka akajitokeza msimamizi mmoja aliyejiita Mbayuwayu, mtu wa subira, akamwomba atengeneze mradi mdogo wenye hitilafu hiyo ili na yeye aione. Redio akatengeneza. Kwenye mradi mdogo seva ilisema kweli kila mara. Ilidanganya tu kwenye mradi mkubwa wa kazini, wenye mafaili mengi ya kusoma. Mbayuwayu akasema basi iko njia moja: washa kumbukumbu za seva, yaani daftari inamoandika kila inachofanya, katika kiwango cha kueleza kila kitu, rudia hitilafu, kisha utume faili la kumbukumbu.

Redio akafanya hivyo. Faili lilitoka refu kupita kiasi. Sauti ilipoanza kulisoma ilikuwa kama kusomewa kitabu cha namba za simu: tarehe, mabano, namba, alama, mabano tena. Alijua kwamba kitu cha ofisi hakianikwi hadharani ovyo. Akatafuta jina la kampuni, akalifuta kila lilipotokea. Akatafuta majina ya zahanati, nayo akayafuta. Akatafuta neno "siri", halikuwemo. Kwa ufahamu wake, mle mlikuwa na mazungumzo ya seva tu: nimeulizwa hili, nimejibu hili. Hakujua kwamba katika kiwango kile seva huandika pia maandishi yote ya kila faili lililofunguliwa, kama yalivyo. Na asubuhi ile, kwa shughuli nyingine kabisa, alikuwa amefungua faili dogo la mipangilio lenye anwani ya hifadhidata ya zahanati mojawapo na neno lake la siri. Aliyeliandika zamani alikuwa ameliita "ufunguo".

Bado hakuridhika. "Jirani, niazime macho. Nipitishie hili uone kama kuna kitu cha ndani, kabla sijaliweka hadharani."

"Lete."

Redio alisikia gurudumu la kipanya likizunguka. Simu ya Jirani ikaita, akaongea na mtu kuhusu mabati ya paa lake, gurudumu likazunguka tena.

"Safi," Jirani akasema. "Takataka tupu. Tuma."

Akalituma.

Mbayuwayu alilipata kosa upesi kuliko walivyotegemea. Seva ilikuwa inatangaza imemaliza wakati bado imeshika foleni ya mafaili. Toleo la marekebisho likatoka, na katika maelezo yake wakaandika shukrani kwa aliyeripoti, kwa jina lake la mtandaoni. Redio akabonyeza vitufe viwili, akaambiwa makosa mawili, mstari fulani na mstari fulani, na alifurahi kusikia makosa kama anayepewa pongezi. Bosi akaondoa agizo lake. Jioni ile mkewe alisimamisha cherehani ili asikilize kisa chote kwa utulivu, ingawa katikati alipotea, akabaki anafurahia furaha ya mumewe.

Wezi walikuwa wamekwisha kuingia wakati huo. Kuna watu ambao kazi yao ni kuzunguka kwenye kurasa kama zile wakipekua yaliyoachwa na wasiojua. Waliutumia ufunguo, wakachota kumbukumbu za wagonjwa wa zahanati ile, wakaitishia zahanati kwamba wasipotimiziwa matakwa yao watazimwaga hadharani. Mwenye zahanati akampigia Bosi simu akiwa hana hata salamu. Akaletwa mtaalamu, akafuatilia nyayo kinyumenyume, zikamfikisha kwenye ukurasa wa taarifa za hitilafu.

Bosi aliwakusanya wote kwenye meza ndefu. Alilisoma jina la mtandaoni, tarehe na jina la faili.

"Huyu ni nani?"

"Ni mimi, Bosi," Redio akasema.

"Ulijua kilichomo?"

"Hapana."

"Hukuangalia?"

Swali lilitoka kabla hajalipima, na wote waliisikia aibu iliyolifuata. Upande wake wa kulia kiti cha Jirani kililia, kama mtu anayetaka kuinuka au anayekaa vizuri zaidi. Redio alingoja. Alijua pumzi za yule mtu kwa miaka ya kukaa naye, alizisikia zikiingia na kutoka, na hakuna neno lililotoka nazo.

"Nilitafuta majina yetu nikayafuta," Redio akasema hatimaye. "Hayo mengine sikuyajua. Nimetuma mimi."

Bosi akamwita chumbani kwake. Alijaribu kuongea kama bosi, akaacha, akaanza upya. Zahanati ile imevunja mkataba, nyingine mbili zinauliza maswali, mwanasheria ametaka jina la mtu. "Nilikutetea kwa watu wengi," akasema. "Hapa sina pa kushika." Redio akamwambia anaelewa, na kweli alielewa. Kamba hukatikia pembamba. Alikusanya visikizio vyake, kikombe chake na fimbo, akashuka ngazi kwenye harufu ya rangi. Hakuna aliyemsindikiza. Labda walidhani mwingine ataenda.

Jirani alikuja nyumbani wiki ile ile, mchana, na mfuko wa matunda. Mkewe Redio alimkaribisha bila kusimamisha cherehani.

"Niliangalia mwanzo nikaangalia mwisho," Jirani akasema alipokwisha kukaa. "Katikati niliruka. Nilidhani ni namba tu."

"Ungeniambia umeruka, nisingetuma."

"Najua."

"Na kwenye meza?"

"Nina watoto, Jirani."

"Na sisi humu tunafuga paka?" mkewe Redio akauliza, mguu ungali kwenye cherehani.

Jirani alikaa kidogo, akaaga. Mfuko wa matunda ulibaki mezani mpaka yakaanza kunuka, ndipo binti yao akautoa nje. Redio hakwenda kwa Bosi kumtaja. Mkewe alimsihi, kisha akamgombeza, kisha akaacha. Jibu lake lilikuwa kwamba faili lilikuwa lake na mkono uliotuma ulikuwa wake. Kumtaja mwenzake kungeongeza mtu wa kufukuzwa tu, kusingepunguza yeyote. Huenda ilikuwa kweli. Huenda pia alikuwa amechoka.

Kisha wezi wakatimiza ahadi yao. Majina ya wagonjwa, magonjwa yao na dawa zao vikamwagwa mtandaoni, vikaanza kupita kwenye simu za watu.

Mke wa Redio alikuwa na dada yake mkubwa, mwalimu wa chekechea, mwanamke mpole aliyeishi peke yake mtaa wa pili. Miaka ya nyuma, baada ya kufiwa na mtoto, akili ilimwondoka kwa muda. Alitibiwa, akarudi kwenye hali yake, na tangu hapo alikunywa dawa kila siku na kufundisha watoto kuhesabu bila shida na mtu. Siri ya mtungi aijuaye kata: waliolijua jambo hilo walikuwa mdogo wake na Redio. Redio mwenyewe ndiye aliyempeleka kwenye zahanati ile, akimwambia, "Hapo kumbukumbu zinatunzwa vizuri, shemeji. Nazitunza mimi."

Mzazi mmoja akaliona jina la mwalimu kwenye orodha, akamtumia mzazi mwingine. Mwalimu mkuu alimwita, akamwambia hakuna anayemfukuza, ila wazazi wana wasiwasi, apumzike kwanza nyumbani. Watoto wa mtaani walipomwona wakaanza kupeana ishara za kichwani. Hata muuza mboga akawa anaongea naye polepole, kwa sauti ya kubembeleza, kama anayeongea na mgonjwa.

Mwalimu alidhani ni wezi tu. Redio akasema atakwenda kumwambia.

"Ukimwambia utapata nini?" mkewe akauliza.

"Sitapata kitu."

"Atapata nini yeye?"

Alikwenda hata hivyo, na mkewe akamshika mkono njiani kwa sababu hakuweza kumwacha aende peke yake. Shemeji yake aliwapikia chai. Redio alieleza yote, tangu sauti iliyosema hakuna tatizo mpaka faili. Jirani hakumtaja hata hapo.

Shemeji alisikiliza mpaka mwisho. "Mimi nilidhani ni wezi."

"Ni wezi, shemeji. Ila mlango niliwaachia wazi mimi."

"Kwa hiyo ulikuwa unatafuta mashine ikuambie makosa yako."

"Ndiyo."

"Na sasa inakuambia?"

"Inaniambia."

"Vizuri," akasema. Akainuka, akakusanya vikombe. Walisikia chai ikimwagwa kwenye sinki, nyingi, maana hakuna aliyekuwa ameinywa. Mdogo wake akamfuata jikoni. Yakasikika maneno machache ya chini, kisha mkewe Redio akarudi, akamwambia, "Twende."

Shuleni shemeji hakuitwa tena. Baada ya muda akahamia mji mwingine, kwa rafiki aliyesoma naye, na akabadilisha namba ya simu. Aliyepewa namba mpya alikuwa mdogo wake tu.

Redio alitafuta kazi za programu. Palipokuwa na usaili wa simu alifika mbali, mpaka waulize kwa nini aliacha kazi ya mwanzo. Hakuwa mtu wa kusema uongo, na akisema kweli simu ilipoa. Mwishowe alipata nafasi ya kupokea malalamiko ya wateja wa maji: kwa sikio moja anamsikiliza mteja aliyekatiwa, kwa la pili anasikiliza skrini ikimsomea akaunti yake. Kazi si mbaya, husema, ila humchosha kichwa. Kihariri bado kiko kwenye kompyuta yake ya nyumbani. Hukisasisha, hukifungua mara chache, na hana cha kuandika. Mbayuwayu aliwahi kumwandikia kumwomba radhi, akisema tangu mkasa ule wameweka onyo kubwa juu ya maelekezo ya kutuma kumbukumbu. Redio alimjibu kwa mistari miwili ya shukrani. Jirani inasemekana amepandishwa cheo. Hawajakutana.

Jumapili moja, cherehani ikiwa imefunikwa na mkewe akichambua mchele, simu iliita. Mkewe alipoitazama namba alikaa wima, akapokea. "Dada," akasema, kisha kwa muda mrefu akawa anasikiliza tu. Redio alisikia sauti ndogo ya shemeji yake ikipita kwenye simu bila kuyapata maneno. Halafu mkewe akasema, "Yupo. Yuko hapa hapa," na sauti ile upande wa pili ikanyamaza.

Redio hakungoja aambiwe. Aliinuka, akapapasa ukuta mpaka kwenye fimbo yake, akatoka nje akaurudisha mlango. Alikaa kwenye ngazi ya kibarazani. Mtaa ulikuwa na kelele za kawaida za Jumapili, mtu akigonga misumari, ndoo zikipita bombani. Alikaa pale mpaka mkewe alipokuja kumwambia wamemaliza.

"Hajambo?" akauliza.

"Anakula," mkewe akasema. "Kazi bado hajapata. Ingia ndani, kuna baridi."